Miguu ya gari dogo kwa pesa kidogo: nini ubadilishe kwanza, nini uache

Vitz, IST, Passo, Demio na Fit, magari yanayojaa barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, yana miguu inayofanana. Mbele kila upande una shokapu iliyovalishwa springi: juu imefungwa kwenye bodi kwa mauntingi ya raba, chini imefungwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu). Wishboni (mkono wa chini unaoshika mguu), boli jointi (kiungo cha mviringo kwenye ncha yake) na stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona) vinamalizia kazi. Nyuma, kwa matoleo yasiyo ya 4WD, mara nyingi ni boriti moja inayojipinda, imeshikwa na bodi kwa bushi (raba za maungio) mbili kubwa.

Gari la aina hii likifika miaka 15 hadi 20, uboreshaji wenye faida kubwa kuliko wote ni kulirudishia ukakamavu liliotoka nao kiwandani. Shokapu za bei mbaya juu ya bushi zilizokatika ni hasara, maana gari litaendelea kugonga na utamlaumu aliyekuuzia shokapu bure. Kwa hiyo panga matumizi hivi: upepo na tairi, halafu linki (vifimbo vinavyounganisha stabilaiza na mguu) na bushi, halafu shokapu pamoja na mauntingi zake, halafu springi ikiwa zimelala, na spesa (vipande vya kuinua gari) mwisho kabisa kama gari bado linakwaruza chini. Boli jointi na tairodi endi (kiungo cha usukani kwenye gurudumu) hazina zamu. Zikilegea, zinabadilishwa leo.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujafungua pochi

Anza na upepo, tairi zikiwa za baridi. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari haya mara nyingi ni kati ya psi 30 na 35. Gari lililojazwa psi 45 "ili lisile mafuta" linarukaruka kama lenye shokapu mbovu. Wengi wamebadilisha shokapu kwa sababu ya upepo tu.

Kisha sikiliza, maana kila kifaa kina sauti yake. Kugonga kwa haraka, "tak-tak-tak", ukipita taratibu kwenye vijiwe au viraka vidogo: hizo ni stabilaiza linki, au zile raba zinazoshika stabilaiza kwenye fremu. Kishindo kimoja kizito unapokanyaga breki, au unapotoa gia kutoka R kwenda D: bushi kubwa ya wishboni. Springi inakwaruza na kuruka, na usukani unarudi kwa kushtuka ukiukata gari likiwa limesimama: beringi ya mauntingi ya juu. Gari linaendelea kupepesuka baada ya tuta, au pua inazama sana ukifunga breki: hapo ndipo shokapu zinapoingia kwenye mashaka.

Kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuachia kinafaa, lakini kina mipaka. Kona ikipanda, ikashuka na kutulia, shokapu haijafa. Haimaanishi ni nzima. Shokapu iliyobaki na nusu ya nguvu hufaulu kipimo hicho na kushindwa kwenye spidi ya 80. Kwa hiyo angalia na mambo mawili mengine. La kwanza ni mafuta: ukungu mwembamba wa mafuta karibu na sili (raba inayozuia mafuta yasivuje) si tatizo, lakini michirizi iliyoloana na kushika vumbi mpaka nusu ya mwili wa shokapu ina maana sili imekwisha. La pili ni tairi: pitisha kiganja juu ya uso wake kuzunguka. Ukihisi mabonde na vilima, tairi imekuwa ikidunda barabarani bila kuzuiwa.

Linki ikaguliwe magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa chini, au yote yakiwa hewani. Ukiinua upande mmoja tu, stabilaiza inajivuta na ule mchezo (kulegea kwa kiungo) unajificha, na linki mbovu itaonekana nzima.

Kwa boli jointi, weka jeki na stendi chini ya bodi, mguu uning'inie. Ingiza nondo chini ya tairi, inua taratibu huku mwenzako ameshika wishboni karibu na jointi. Akihisi mchezo, jointi imekwisha. Kisha shika tairi kushoto na kulia, utikise: mchezo wa hapo kwa kawaida hutoka kwenye tairodi endi au raki endi (kiungo cha ndani cha usukani). Ukiuhisi juu na chini pia, shuku beringi ya habu.

Mwisho, pima urefu. Gari likiwa sehemu tambarare bila mzigo, pima toka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne. Tofauti ya zaidi ya milimita 10 hadi 15 kati ya kushoto na kulia ina maana springi moja imelala au imekatika. Angalia hasa mzunguko wa chini kabisa wa springi, ndipo kutu inapoanzia na ndipo huvunjika. Andika vipimo hivyo, utavihitaji tena.

Hatua ya 2: Nenda dukani na namba

"Nipe shokapu za IST" haitoshi. IST ya kwanza, iliyotoka kuanzia 2002, na ya pili iliyoanza 2007 ni magari mawili tofauti kwa chini. Chukua namba ya chasisi (kwa mfano NCP60, NCP61 au NCP110) kutoka kwenye kibati cha gari au kadi.

Kwa Toyota, tarakimu tano za mwanzo za namba ya kipuri zinakuambia ni kifaa gani, na zinazuia kubambikiwa. 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto, familia ya 48530 ni za nyuma. 48609 ni mauntingi ya mbele, 48820 ni stabilaiza linki, 48815 ni raba ya stabilaiza. 48068 na 48069 ni wishboni ya kulia na ya kushoto, 43330 ni boli jointi ya chini. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotaja toleo la gari, kwa hiyo linganisha namba nzima.

Hatua ya 3: Maliza vitu vidogo

Linki mbili na raba mbili za stabilaiza ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa pesa ndogo kwenye orodha yote. Gari linaacha kelele siku hiyo hiyo.

Kwa wishboni una njia mbili: kupiga bushi mpya kwa presi, au kununua wishboni kamili yenye bushi na jointi. Kama bushi mbili na jointi vyote vimechoka, wishboni kamili mara nyingi haizidi sana jumla ya vipuri na ufundi. Kama ni bushi moja tu, piga bushi. Raba za mtumba usinunue kamwe, hata zikionekana safi, kwa sababu raba huzeeka ikiwa imekaa.

Bushi za poliyurethani huvutia kwa rangi na kwa ahadi ya kudumu. Kwenye raba za stabilaiza zinafaa, mradi zipakwe grisi ya silikoni, la sivyo zitalia. Kwenye wishboni ya gari la kwenda kazini kila siku, baki na raba. Poliyurethani hupitisha mtetemo wa barabara moja kwa moja hadi kwenye usukani.

Hatua ya 4: Chagua shokapu

Kwa matumizi ya kila siku tafuta shokapu ya gesi yenye mirija miwili, ya kiwango cha kiwandani. Kwa kampuni ya KYB hiyo ni Excel-G. Gesi ya presha ndogo inazuia mafuta ya ndani yasitoe povu, na povu ndilo linaloua nguvu ya shokapu ukienda kilomita nyingi kwenye barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi. Shokapu ya mafuta matupu ni ya bei nafuu na laini, inatosha kwa gari lisilotoka mjini. Zile za mrija mmoja wa presha kubwa, kama Gas-a-Just ya KYB, ni ngumu zaidi. Pamoja na springi laini za kiwandani na mashimo yetu, utazilipia kwa mgongo wako.

Nunua kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili. Pesa ikitosha jozi moja, anza na ile iliyochoka zaidi, lakini usichanganye mpya na kuukuu kwenye ekseli moja, kwa sababu gari litavuta upande ukifunga breki kwenye barabara mbovu. Kwa kila shokapu ya mbele nunua pia stopa ya raba na kava la vumbi. Mauntingi ibadilishe ikiwa raba imepasuka au beringi inakwama ukiizungusha kwa mkono. Gharama ya ufundi ni ile ile, na kurudia kufungua baadaye ni kulipa mara mbili.

Bandia zipo nyingi. Kabla ya kulipa, ikandamize shokapu ya gesi hadi chini kisha iachie: fimbo inapaswa kupanda yenyewe, polepole, bila kukwama. Angalia namba imechapwa kwenye mwili wa shokapu, si kwenye boksi peke yake, na weldi za vishikio ziwe zimejaa sawasawa. Muuzaji anayekataa kuandika namba ya kipuri kwenye risiti amekuambia unachotaka kujua.

Mtumba? Springi za mtumba kutoka Japani ni ununuzi mzuri, mradi hazina kutu na ni jozi ya gari lile lile. Shokapu za mtumba ni kamari. Ukilazimika, zipampu zikiwa wima: ukikutana na sehemu tupu ambapo fimbo inateleza bila upinzani, au doa la kutu kwenye kromu, ziache. Na fundi akisema atatoboa shokapu, ajaze mafuta na kuchomelea, kataa. Kilichokufa humo ni vali na sili, na mafuta mapya hayavifufui.

Hatua ya 5: Ufungaji, na mahali kazi inapoharibika

Legeza nati za tairi gari likiwa chini, inua, weka stendi. Jeki peke yake si ya kutegemea.

1. Fungua linki, kishikio cha bomba la breki na waya wa ABS kutoka kwenye shokapu. Chora alama kwa rangi pale shokapu inapokutana na chuma cha habu, ili kemba (mlalo wa gurudumu ndani au nje) isihame sana wakati wa kurudisha.

2. Funga chuma cha habu kwa waya kwenye bodi kabla hujatoa bolti mbili za chini. Kikiachwa kianguke nje, kinavuta bomba la breki na kinaweza kuchomoa jointi ya ndani ya ekseli. Shikilia kichwa cha bolti, zungusha nati.

3. Fungua nati za pembeni za mauntingi, toa mguu mzima. Nati ya katikati usiitoe kabla springi haijabanwa. Springi iliyobeba gari ikiachiwa ghafla inaua. Tumia vibano viwili vinavyotazamana, ukaze zamu kwa zamu, mpaka springi icheze kwenye viti vyake.

4. Pampu shokapu mpya ikiwa wima, mara tatu hadi tano, kutoa hewa. Fimbo usiibane kwa koleo. Mchubuko mdogo tu utakata sili, na mafuta yataanza kuvuja baada ya wiki chache. Nati ya juu kaza kwa mkono, si kwa gani ya upepo, kwani fimbo huzunguka na kuharibu vali.

5. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake ya kiti cha chini. Ikikaa pembeni, springi italia na gari litasimama upande.

6. Bolti zote zinazopita kwenye bushi za raba (wishboni, shokapu za nyuma, boriti) zikazwe mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Hapa ndipo gereji nyingi zinapokosea. Ukizikaza mguu unaning'inia, raba inashikwa ikiwa imepinda, na gari likishushwa inabaki imesokotwa saa zote. Bushi ya miaka inakatika kwa miezi.

Nati za tairi za Toyota ndogo hukazwa kwa Nm 103. Kwa nyingine fuata kitabu cha gari lako.

Baada ya hapo, alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu). Kugusa shokapu za mbele, wishboni au tairodi endi bila alaimenti ni kula tairi mpya. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na usukani uwe umenyooka. Rudi ukague nati zote baada ya kilomita 500.

Hatua ya 6: Kuinua gari, ikiwa bado unahitaji

Pima kona zako tena. Gari nyingi "zilizo chini" zimelala springi tu, na springi sahihi zinarudisha urefu bila spesa yoyote.

Njia salama ya pili ni tairi. Ukitoka 175/65R14 kwenda 175/70R14, kipenyo kinapanda kutoka milimita 583 hadi 601, gari linainuka karibu milimita 9, na ukuta mrefu wa tairi unameza mashimo. Spidi mita itasoma pungufu kwa asilimia 3: ikionyesha 100 uko 103. Kata usukani hadi mwisho pande zote kuhakikisha tairi haigusi.

Spesa isizidi milimita 25 hadi 30. Ya mbele iwe ile inayokaa juu ya mauntingi, ya alumini au nailoni ngumu, yenye bolti zake. Ile ya kusukumiza kati ya miviringo ya springi inazima sehemu ya springi, inaikaza na kuivunja. Kila milimita unayoongeza inaongeza pembe ya ekseli, kwa hiyo buti (kava za raba) za jointi za ekseli huchanika mapema na gari hutetemeka ukikanyaga mafuta. Mguu ukining'inia, hakikisha bomba la breki halijavutika. Nyuma, springi ikiwa imekaa peke yake mbali na shokapu, spesa huwekwa kati ya springi na kiti chake, lakini shokapu inabaki na urefu ule ule, hivyo huishiwa njia mapema na kugonga ikifika mwisho wake. Ukizidi milimita 25, tafuta shokapu ndefu zaidi au kirefusho cha kishikio chake cha chini.

Ukishainua, fanya alaimenti upya, na teremsha taa za mbele ikiwa pua imepanda, usije ukawapofusha wanaokuja.