Kuigeuza Kamera Ndogo ya Dijitali Ipige Picha za Infraredi

Sensa ya kamera ya dijitali, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, hutengenezwa kwa silikoni, ambayo huhisi mwanga wenye mawimbi ya hadi nanomita 1,100 hivi, ilhali jicho la binadamu huishia karibu na 700. Kwa kuwa mwanga huo wa ziada, yaani infraredi, ungeharibu rangi za picha za kawaida, kiwandani hupachikwa mbele ya sensa kipande cha kioo chenye rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani ili kiuzuie. Kazi yetu ni kukiondoa kioo hicho na kuweka kingine kinachozuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi.

Chagua kamera ya zamani ambayo hutaililia ikifa. Binafsi napendelea Canon PowerShot za mfululizo wa A zinazotumia betri za AA, kwa sababu si nyembamba mno na vidole hupata nafasi ndani yake.

Hatari kubwa imo katika flashi. Kapasita yake huhifadhi umeme wa volti 300 hivi, na huweza kubaki nao muda mrefu baada ya betri kutolewa. Toa betri, iache kamera siku mbili, kisha baada ya kufungua mfuniko, kabla hujagusa kitu kingine, pima miguu ya kapasita kwa multimita (kipima umeme). Ukikuta umeme umebaki, uondoe kwa rezista ya omu 2,000 yenye uwezo wa wati 5, ukiishika kwa koleo yenye mpini wa plastiki. Wapo wanaotumia bisibisi kuigusanisha miguu hiyo; cheche inayoruka huweza kuunguza saketi, na wakati mwingine mkono pia.

Skrubu ni ndogo na hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la kamera kwenye karatasi na uibandike kila skrubu mahali ilipotoka. Fungua mfuniko wa nyuma, chomoa taratibu nyaya bapa za skrini, na utaona bamba la sensa nyuma ya lenzi, ambalo mara nyingi hushikiliwa na skrubu tatu. Ikiwa chini yake kuna springi, hesabu mizunguko unapozifungua skrubu hizo, kwani ndizo zinazoiweka sensa sawa. Inua kioo kwa kibano cha plastiki bila kuigusa sensa. Fanyia kazi hii mahali pasipo upepo, maana unyoya mmoja ukinaswa humo utaonekana katika kila picha.

Kichujio cha bei nafuu ni kipande cha filamu ya negativu ya rangi iliyoangazwa kabisa kisha ikasafishwa: kwa macho ni cheusi, lakini hupitisha infraredi. Tatizo lake ni wembamba. Kioo kilichotolewa kilikuwa kikiisogeza nyuma picha ya lenzi kwa takriban theluthi moja ya unene wake, hivyo usipoufidia unene huo, vitu vya mbali vitatoka na ukungu hata kama vya karibu ni vikali. Pima kioo cha awali. Kikikaribia milimita 1, kipande cha kioo cha slaidi ya hadubini kitafaa kuambatanishwa na filamu. Anayeweza kununua kichujio cha nanomita 720 (kinachopitisha mwanga wa kuanzia hapo kwenda juu) chenye unene uleule ataepuka usumbufu huu wote.

Kabla ya kukaza skrubu zote, washa kamera na uielekeze kwenye rimoti ya televisheni huku ukibonyeza kitufe: nukta inapaswa kung'aa sana. Kisha toka nje, urekebishe mizania ya weupe (white balance, yaani mpangilio wa rangi wa kamera) kwa kuilenga kamera kwenye majani mabichi yaliyo juani. Jua la saa sita mchana, ambalo wapiga picha hulikwepa, hapa ndilo linalofaa: minazi hutoka myeupe na anga hugeuka jeusi. Weupe huo hautokani na joto, kama wengi wanavyodhani, bali tishu za ndani ya jani ndizo zinazoirudisha infraredi ya jua. Ukiona doa jeupe katikati ya picha, lenzi ndiyo chanzo. Panua tundu lake la kupitishia mwanga (aperture) na doa litafifia.