Kuandika mtoto wa zamani bila kumgeuza mzee mdogo

Jamani nyinyi mnaoandika hadithi za Lamu ya kale na Malindi ya kale, mie nazisoma sana, lakini kila mtoto akifungua mdomo naanza kujikuna. Ana miaka saba lakini anaongea kama mzee wa barazani, anajua sultani anagombana na nani, bei ya pembe za ndovu iko vipi, na Mreno amekuja kutafuta nini. Mtoto gani huyo? Shika hili kwanza: mtoto wa zamani hajui kama yuko zamani. Kwake ni leo tu, na leo ana njaa, au ametumwa na amechelewa, au kuna kitu cha mwenzake anakitaka.

Kwa hivyo anza na anachotaka, historia itaingia yenyewe. Tuseme ni Malindi, Aprili 1498, Vasco da Gama ametia nanga. Wengi wanamsimamisha mtoto ufuoni akodolee macho matanga, alafu mwandishi anatupa somo la darasa la sita. Sasa skiza, shajara ya ile safari inasema mfalme wa Malindi aliwapelekea wageni kondoo. Bas, hapo pana hadithi. Mpe mtoto wako kondoo mmoja anaemchunga tangu akiwa mdogo, amempa na jina, alafu asubuhi moja watu wa mfalme wanakuja kumchukua. Meli haimshughulishi kabisa, anataka mnyama wake, na akienda ufuoni anaenda kutafuta mnyama wake. Msomaji ataiona meli kupitia huyo kondoo, na wewe hujahutubu hata neno.

Chunga na unachomlisha. Huyo wa 1498 usimpe muhogo wala mahindi, usimpandishe kwenye mkorosho, vyote vimetoka Amerika na vilikua havijafika. Mpe mtama, wali, samaki, ndizi, machungwa. Pesa vilevile, shilingi imeanza 1921, kabla ya hapo mtoto wa wakati wa mkoloni anatumwa dukani na rupia au visenti vyake. Na kama ni vita vya Shela, kile kijiji jirani ya mji wa Lamu, karibu 1812, usimchezeshe chini ya kivuli cha ngome ya Lamu maana ilimalizwa kama 1821 hivi.

Alafu shuka chini, yani kimo. Mtoto haoni paa, anaona miguu, mikono, vitu vya mezani kwa upande wa chini. Kabla buibui halijaenea, wanawake wa kiungwana Lamu walikua wakitoka chini ya shiraa, lile pazia kubwa lililoinuliwa kwa vijiti na wajakazi, yani watumwa wa kike. Mtu mzima akiandika shiraa ataeleza kitambaa na heshima. Wewe mtie mtoto wa miaka sita humo ndani na mamake, usiku, kitambaa kinanuka udi, njia haionekani, anachokiona ni nyayo za wajakazi zinakanyaga mchanga pande zote. Na mmoja wa wanaoshika kijiti ni Faida, rika lake, asubuhi walikua wanacheza mdako pamoja uani.

Hapa ndio watu wanaharibu. Wanamfanya yule wa ndani aseme "Mama, kwa nini tunawadhulumu binadamu wenzetu?" Hasemi hivyo. Amezaliwa akakuta mambo yako hivyo. Atasema kitu kama hiki:

"Mama, Faida anainamisha kijiti, kitambaa chanigusa kichwa."

"Mwambie anyooshe."

"Faida, nyoosha."

Imetosha. Msomaji mwenyewe ndie ataumia. Usiongeze mstari wa kumwambia aumie, tafadhali. Na ukitaka nguvu zaidi, sura inayofuata mpe Faida, sababu Faida anajua mengi kuliko yule mwingine, anajua hasira ya bibi inaanzaje, anajua mlango gani unalia ukifunguliwa, na mkono wake unawaka moto tangu msikitini hadi nyumbani. Mtoto wa mtumwa si wa kulia tu kila ukurasa. Anacheka, anaiba tende, anamuonea mdogo wake. Ukija Malindi miaka ya 1870, kwenye yale mashamba ya mtama, mpe kazi ya kuamia ndege, apige kelele kutwa mpaka sauti imkauke, na bado apate wakati wa kushindana na wenzake nani anarusha jiwe mbali.

Habari kubwa mtoto anaisikia nusu, iache hivyo hivyo. Oktoba 1890 Waingereza waliichoma Witu, mji wa bara huko upande wa Lamu. Wazee wako dakani, pale kwenye kibaraza cha mlangoni, wanaongea kwa sauti ya chini, mtoto amejificha nyuma ya mlango, anachoshika ni "Witu imechomwa yote." Usiku anamuuliza nyanyake kama paka wa Witu pia wameungua. Nyanya hana jibu. Si lazima awe nalo.

Umri pia uamue mapema na usiuchezee. Wa miaka mitano anaamini mwezi unamfuata. Wa tisa yuko chuoni, yani chuo cha Kurani, na ubao wake, anajua kudanganya vizuri na anajali haki kuliko kadhi, hasa haki yake. Wa kumi na mbili, kama ni msichana, ameanza kufungiwa ndani na hajaelezwa kwa nini, huyo mpe dirisha na masikio.

Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kidogo kinanoga, nyanya akisema "ndoo" (njoo) na "mato" (macho) sawa, lakini ukikijaza kila mstari, hata msomaji wa Mombasa mwenyewe atapotea.

Ukimaliza tafuta mtoto wa umri ule, msomee sura moja kwa sauti. Akikukatiza kuuliza "kondoo alirudi?" endelea. Akianza kuchezea simu yako, rudi pale alipoichukua ufute kuanzia hapo.