Tengeneza mistari ya macho mawili kwenye laptopu yako, hatua kwa hatua

Sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea picha imejigawa mistari mistari kama pundamilia, huu wa jicho la kushoto, unaofuata wa kulia, tena kushoto, na wengi wakisikia hivyo wanadhani kuna ramani kwenye jeni inayosema kila mstari ukae wapi. Mimi nikifundisha hii kitu nawaambia wanafunzi waitengeneze wenyewe. Unahitaji Python (lugha ya programu), pamoja na maktaba zake za NumPy na SciPy za hesabu, na Matplotlib ya kuonyesha picha.

Hatua ya 1: jua unachoiga. Neva za macho zikikutana, nyuzi kama nusu hivi zinavuka upande wa pili, kwa hiyo vitu vilivyo kushoto kwako vinaenda ubongo wa kulia, kutoka macho YOTE mawili. Kwenye thalamasi (kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea ishara za macho) kuna tabaka sita, la 1, 4 na 6 ni za jicho la upande wa pili, la 2, 3 na 5 za jicho la upande uleule, bado hakuna kuchanganyika. Zikifika tabaka la nne la gamba la ubongo ndo tunakuta mistari, kwa binadamu kila mmoja una upana wa karibu mm 1. Kuchanganya kunafanyika baada ya hapo, na ndiko unakopata kujua kipi kiko karibu na kipi mbali.

Hatua ya 2: tengeneza jedwali la 128 kwa 128, liite gamba, jaza namba za kubahatisha kati ya -0.01 na 0.01. Kila namba ni seli: -1 inasikiliza jicho la kushoto tu, 1 la kulia tu, 0 haijaamua.

Hatua ya 3: majirani. Hapa ndo kazi yenyewe. Pitisha gamba kwenye gaussian_filter ya SciPy (inachanganya kila namba na za majirani zake, sigma ikiwa kubwa majirani wa mbali zaidi wanahesabiwa) mara mbili, sigma 2 (iite karibu) na sigma 4 (iite mbali), mode weka wrap ili kingo ziungane. Halafu:

gamba += 0.1 * (karibu - mbali) * (1 - gamba**2)

Rudia mara 500, kila mara ukipiga hesabu ya karibu na mbali upya. Yaani majirani wa karibu wanavutana, wa mbali kidogo wanasukumana, na kile kipande cha mwisho kinazuia namba isivuke 1. Ukionyesha gamba kama picha, mwanzoni utaona vumbi tu, usikate tamaa, baadaye yanatokea mawingu, kisha mistari iliyopindapinda, jozi moja kama pikseli 13. Hakuna aliyeichora! Mtafiti Nicholas Swindale alionyesha modeli ya namna hii 1980.

Hatua ya 4: futa "- mbali" uendeshe tena. Unapata mabaka makubwa ovyo, mistari hamna. Kwa hiyo siri iko kwenye kusukumana. Na kama bado unashikilia ile ramani ya jeni, 1978 watafiti Constantine-Paton na Law walimpandikizia chura jicho la tatu, na mistari ikatokea kwenye ubongo wake, wakati chura wa kawaida hana kabisa. Jeni gani ya chura ina mpango wa jicho la tatu?

Hatua ya 5: funga jicho la kushoto. Kuanzia raundi ya 150 andika (karibu - mbali + 0.1), endesha raundi 500 zaidi. Mistari ya kushoto inabanwa, ya kulia inanenepa. Sasa rudia toka mwanzo ila hiyo 0.1 iingize raundi ya 1500, raundi 500 zilezile: mipaka inasogea kidogo tu, seli zimeshaamua. Watafiti Hubel na Wiesel waliona kitu kama hicho kwa paka, mdogo akifungwa jicho moja seli nyingi zinahamia lile lililo wazi, mkubwa akifungwa hakuna la maana linalobadilika.

Ukishamaliza, jaribu kubadilisha ile + 0.1 ya hatua ya 5 iwe - 0.1 katikati ya safari, mapema na kwa kuchelewa, ulinganishe. Ndo hesabu anayopiga daktari wa macho akimfunika mtoto jicho lenye afya ili lile vivu lifanye kazi.