Gari kuukuu linakunywa mafuta? Kagua haya kabla ya kununua spea

Wateja wengi hufika gereji wakiwa wameshanunua plagi, eya klina (kichujio cha hewa) na sensa ya oksijeni (inayopima moshi wa ekzosi) kule Kirinyaga Road, Nairobi, na gari bado linakunywa vilevile. Fuata mpangilio huu. Hatua za mwanzo hazitakugharimu kitu.

Hatua ya 1: Pima. Usitegemee geji ya mafuta. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, rudisha tripu kwenye sufuri, endesha kama kawaida yako, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaziwa: 312 kwa 34.7 ni karibu kilomita 9 kwa lita. Usijilinganishe na jirani anayekwenda Naivasha kila wikendi kama wewe unatambaa Jogoo Road kila asubuhi. Injini inayowaka gari likiwa limesimama inachoma mafuta bure.

Hatua ya 2: Tairi na breki. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikitoa joto kuliko zingine, inua gurudumu hilo kwa jeki ulizungushe. Likigoma, breki imeng'ang'ania.

Hatua ya 3: Thamostati, yaani vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye radieta hadi injini ipate joto. Hapa usiwe na haraka. Magari mengi ya zamani Nairobi hayana thamostati kabisa: siku moja injini ilichemka, fundi akaitoa, akasema hiyo ni ya nchi za baridi. Ndivyo ugonjwa unavyoanza. Maji yanazunguka kwenye radieta tangu unapowasha, injini haipati joto, na kompyuta ya injini, ikidhani bado ni alfajiri, inaendelea kuongeza petroli. Gia otomatiki nyingi nazo hukataa kupanda hadi ovadraivu (gia ya juu ya kupunguza ulaji) injini ikiwa baridi, kwa hiyo unalipa mara mbili.

Kipimo ni rahisi. Injini ikiwa baridi, washa, kisha shika paipu ya juu ya radieta, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda. Ikiwa thamostati ipo na ni nzima, paipu inakaa baridi kwa dakika kadhaa, halafu inapata moto ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, thamostati imetolewa au imekwama wazi. Dalili nyingine ni mshale wa joto kushuka unapoteremka barabara kuu.

Kabla ya kurudisha mpya, tafuta kilichochemsha injini: radieta iliyoziba, feni, pampu ya maji, gasketi. Usisahau kifuniko cha radieta. Kwa mwinuko wa Nairobi, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, hivyo kifuniko kilicholegea kinatosha kukuletea balaa. Usikifungue injini ikiwa moto.

Hatua ya 4: Plagi. Zitoe uzisome. Masizi meusi makavu kwenye zote yanaonyesha mafuta yamezidi. Kwenye moja tu, shuku injekta (inayonyunyiza petroli) au koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda hiyo. Eya klina chafu ibadilishe, lakini kwa injini ya injeksheni hupunguza nguvu zaidi ya kuongeza ulaji.

Hatua ya 5: Mashine ya kupima, ile inayochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Fundi akikusomea kodi za hitilafu tu, mwombe akuonyeshe namba za sensa injini ikiwa inanguruma. Joto la maji likibaki nyuzi 60, rudi hatua ya 3. Sensa ya oksijeni ya mbele, ile ya kawaida, inapaswa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, ikiganda sehemu moja, ichunguze pamoja na waya zake. Marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli) yakizidi asilimia 10 chini ya sufuri, kompyuta inapambana kupunguza petroli, basi kagua injekta zinazovuja na presha ya mafuta. Baadhi ya magari ya zamani kutoka Japani hayasomeki kwa vifaa vya bei rahisi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Rekebisha kitu kimoja, kisha urudie kipimo cha hatua ya 1. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hutajua ni kipi kilichokuwa kinakula pesa zako.