Kabla Hujatoa Pauni Zako, Muone Mama wa Mbwa

Sisi tuliokulia Kilimanjaro tunajua chotara ni nini. Ng'ombe wa kienyeji ukimpandisha kwa dume la Friesian unapata maziwa zaidi, na mnyama anayestahimili kuliko Friesian mtupu. Ndiyo akili niliyokuja nayo Leicester, hapa Uingereza, na ndiyo iliyoniponza nilipomtafutia mbwa binti yangu mwenye pumu.

Huku chotara ndio wanaotafutwa: Cockapoo (Cocker Spaniel kwa Poodle), Cavapoo (Cavalier kwa Poodle), Labradoodle (Labrador kwa Poodle). Wote wana damu ya Poodle, mbwa mwenye nywele za kujikunja. Wauzaji wanasema hawapukutishi manyoya, kwa hiyo hawaleti mzio. Usilinunue neno hilo. Mzio hutoka pia kwenye mate na ngozi. Labradoodle alipata umaarufu kutoka Australia mwaka 1989, Wally Conron, mzalishaji wa mbwa wa kuwaongoza wasioona, alipomtafutia mbwa mwanamke wa Hawaii asiyeona vizuri, ambaye mumewe alikuwa na mzio. Katika watoto watatu waliozaliwa, mmoja tu ndiye aliyemfaa yule mume. Conron mwenyewe baadaye alisema anajuta.

Mimi nilimpata wangu kwenye tangazo la intaneti, pauni 1,600. Muuzaji alikuwa mpole sana. Akasema kwake ni mbali, tukutane katikati, kwenye maegesho ya kituo cha mafuta cha barabara kuu, anipunguzie safari. Nikaona ni utu. Mama wa mbwa nilitumiwa picha yake kwa WhatsApp. Siku ya tatu mtoto wa mbwa akaanza kuhara damu: parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Bima nyingi za mbwa hazilipii ugonjwa unaoanza ndani ya siku 14 za mwanzo. Siku ya sita akafa kwa daktari, binti yangu amesimama mlangoni. Namba ya muuzaji haikupatikana tena.

Ndugu zangu, muone mama. Si picha, si video. Umuone yuko na watoto wake, palepale walipozaliwa. Hapa England ipo Sheria ya Lucy, inayotumika tangu Aprili 2020: mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe. Anayekwambia mkutane njiani anakuficha kitu. Na hata ukionyeshwa jike, mtazame: chuchu zinaonyesha amenyonyesha? Watoto wanamkimbilia, au anawakwepa kama wageni? Ukiwa na shaka, ondoka na hela yako. Arbuni usitume kabla hujamuona mama.

Mengine ni ya kawaida: awe ametimiza wiki 8, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ambayo utaibadilisha iwe kwa jina lako, uwe na ruhusa ya mwenye nyumba.

Wala usidhani ukoo safi wenye cheti ni kinga. Pug wengi wanapumua kwa shida kwa sababu ya pua iliyofupishwa, na Cavalier wanasumbuliwa na moyo. Huyo Lucy wa sheria alikuwa Cavalier aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalisha mbwa. Mwaka 2024 Royal Veterinary College, chuo cha udaktari wa wanyama cha London, walilinganisha Cockapoo, Cavapoo na Labradoodle na koo za wazazi wao, wakakuta kwa magonjwa mengi hakuna tofauti. Hesabu ya ng'ombe wetu haikubali hapa. Dai majibu ya vipimo vya wazazi wote wawili.

Shemeji yangu wa Arusha ananipigia kila wiki, anataka Cavapoo dume na jike azalishe auze. Shemeji, nakupenda, lakini chotara kwa chotara huzaa kila aina: mmoja nywele za Poodle, mwingine za Cavalier. Utawauzia watu jina tu.

Waingereza wanawapenda mbwa kweli. Jirani aliyekaa miaka miwili bila kunisalimu alinikumbatia mbwa alipokufa. Lakini penzi hilo linataka sura fulani, rangi fulani, na mbwa aletwe mlangoni wiki hii hii, na hapo ndipo matapeli wanapokula. Naliona ni kosa lao kubwa, na sisi tumeliiga haraka mno.

Tuliye naye sasa ni mbwa wa miaka minne asiye na ukoo unaojulikana, kutoka kituo cha wanyama walioachwa. Kabla hatujamchukua, binti yangu alikwenda kukaa naye mara tatu, saa nzima kila mara, na dawa yake ya kuvuta mfukoni.