Fimbo za gofu za kampuni ya raba: jinsi ya kuzikagua kabla hujatoa hela

Juzi jioni kijana mmoja, kedi (mbeba begi la wachezaji wa gofu) wa hapa kwetu Tanga, kanifuata na simu mkononi ananionesha picha. Seti ya ayani, yani fimbo za kichwa cha chuma, za Nike, namba 3 mpaka pichi weji (ile ya mapigo mafupi), iko kwa jamaa wa mitumba Ngamiani anayefungua marobota ya vifaa vya michezo. "Shikamoo mjomba. Hivi hawa si watu wa raba na jezi? Fimbo watazijulia wapi?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia kaa hapa kwanza. Na kwa vile sio yeye wa kwanza kuniuliza nimeona niandike kabisa, ili na wewe ukisimama mbele ya muuzaji ujue pa kushika, maana kazi yangu ya jioni ndo hiyo, nabadilisha gripu (ile raba ya kushikia), nagundisha vichwa vilivyochomoka, na kila wiki naletewa fimbo ambazo mtu kanunua jina.

Kampuni ya raba inaweza kutengeneza fimbo za maana. Ishafanya hivyo na vikombe vipo. Ila nembo haipigi mpira, kinachopiga mpira ni kichwa, shafti (ule mti wa fimbo) na yule aliyeviunganisha, kwaiyo ukiona tiki au mistari mitatu usishangilie na wala usidharau, geuza fimbo uangalie.

Nianze na hao Nike maana ndo wanaobishaniwa zaidi. Walimsainisha Tiger Woods, yule mchezaji gofu wa Marekani, mwaka 1996 akiwa ndo kwanza anaingia uprofesheno, ila wakati ule ilikuwa nguo na viatu, fimbo hawakuwa nazo. Mpira wao Tiger alianza kuutumia 2000, nao walitengenezewa na Bridgestone wa Japani, akaenda nao US Open pale Pebble Beach akashinda kwa tofauti ya mikwaju 15. Fimbo zenyewe zikaingia sokoni 2002, na hapa ndo pa kusikiliza vizuri, hawakumchukua mchora raba wakamwambia chora draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali), walimchukua Tom Stites na watu wake kule Fort Worth, Texas, mtu ambaye alishafanya kazi kwa Ben Hogan, wakampa karakana na hela. Yani nembo ilikuwa ya raba lakini mikono ilikuwa ya watu wa fimbo. 2003 Phil Mickelson, mpinzani wa Tiger, alisema hadharani kwamba Tiger anacheza na vifaa duni, maneno yakawa mengi, lakini angalia kilichofuata, Tiger akabeba meja (yale mashindano makubwa kabisa) sita kati ya 2005 na 2008 akiwa na ayani na draiva za Nike (pata yake, ile ya kusukuma mpira shimoni, ilikuwa ya jina lingine, Scotty Cameron, tuseme ukweli wote), Stewart Cink akachukua Open ya Uingereza 2009 pale Turnberry, Rory McIlroy akachukua Open na PGA zote mbili 2014.

Kama bado unasema hao walilipwa, haya, Agosti 2016 Nike wakatangaza wanaacha fimbo, mipira na mabegi, wanabaki na nguo na viatu. Hakuna tena wa kumlipa mtu abebe fimbo zao. Brooks Koepka akaendelea kubeba ayani namba 3 ya Nike kwenye begi lake na akashinda meja nne kati ya 2017 na 2019. Mtu anaweza kuchagua fimbo yoyote duniani, kampuni yenyewe ishafunga mlango, na bado anaishika ile ile! Kwangu mi huo ndo ushahidi mzito kuliko tangazo lolote.

Kilichowashinda ni biashara, sio chuma. Hata Adidas alikaa na TaylorMade, kampuni ya fimbo iliyokuwa chini ya Salomon, tangu alipoinunua Salomon 1997, akaja kuiuza 2017 kwa dola milioni 425, na TaylorMade inaendelea vizuri tu maana wale watu wa fimbo hawakuondoka. Alafu kuna Mizuno, hapa mjini vijana wanaijua kwa raba za kukimbilia, kumbe kampuni ya tangu 1906 kule Osaka, fimbo za gofu wanatengeneza tangu 1933, na ayani zao za kufuliwa Hiroshima wachezaji wakubwa wamekuwa wakizitumia bila hata kulipwa. Wilson tunamjua kwa mpira wa kikapu na raketi za tenisi, ila Gary Woodland kashinda US Open 2019 na ayani za Wilson. Kwaiyo ukisikia mtu kijiweni anakata moja kwa moja kwamba kampuni ya michezo haiwezi fimbo, mwambie taratibu tu kwamba zipo zilizoweza.

Sasa twende kwenye kukagua. Chukua sumaku. Nenda kwa fundi redio yoyote omba sumaku ya spika mbovu, atakupa bure au kwa hela ya maji. Iweke kwenye kichwa cha ayani, sio kwenye shafti, kwenye kichwa. Ayani za kweli karibu zote ni chuma kinachovutwa na sumaku, iwe ya kufuliwa au ya kumimina, itanasa kwa nguvu mpaka uivute kuitoa. Ikiteleza tu kama umeiweka kwenye sufuria, weka fimbo chini. Hicho kitakuwa ni zinki au mchanganyiko wa bei rahisi uliopakwa kromu, na hivyo ndo vinavyojazwa kwenye seti nyingi za bandia na za boksi zenye jina kubwa la michezo ubavuni.

Hili nalisema kwa uchungu maana lilishanikuta. Miaka ya nyuma nilinunua seti mpya kwenye boksi, jina lake kubwa tu kwenye jezi, silitaji, dukani waliniapia ni orijino. Wiki ya pili, shimo la nne, napiga namba 7 nasikia mkono umekuwa mwepesi ghafla, kichwa kimekatika shingoni kimeruka kimeenda kutua karibu na kijana aliyesimama na bendera. Hatua mbili hivi. Nilipookota nikaangalia palipokatika, ndani pamekaa kijivu punje punje kama chaki iliyolowa, hakuna ule mng'ao wa chuma kilichopinda kabla ya kukatika. Ile picha ya yule mtoto na bendera yake haijanitoka, na ndo maana nikamwambia kedi wangu sumaku kwanza, bei baadae.

Hilo la kufua na kumimina lisikutishe. Kufua ni kipande cha chuma laini kinapigwa kwa nyundo na kalibu mpaka kinapata umbo, kumimina ni chuma kilichoyeyuka kinamiminwa kwenye kalibu, kama vile mkate wa kumimina unavyoujua wewe mtu wa Tanga. Ya kufua mkono unasikia vizuri zaidi ukipiga katikati, ya kumimina wanaweza kuitoboa mgongo na kupeleka uzito pembeni ili ukikosea katikati mpira usikuumbue sana. PING, kampuni ya fimbo tupu, wamemimina ayani miaka na miaka na hakuna anayewaita watoto. Kwa anayeanza mi nashauri ya kumimina yenye mgongo mpana. Zile nyembamba kama kisu ni za watu wanaopiga katikati mara nane kwenye kumi, na seti nyingi za Nike za kipro utakazokuta mitumbani ni za aina hiyo, kwaiyo uliza na mkono wako.

Shafti ndo watu wanapoharibikiwa. Tazama ile karatasi ya kuzunguka chini kidogo ya gripu, utakuta jina la mtengenezaji, True Temper, KBS, Nippon, Project X, na herufi ya ugumu, R ya kawaida, S ngumu, zipo na laini zaidi. Kampuni za fimbo nyingi, ziwe za raba au sio, hununua shafti kwa hao hao, kwaiyo karatasi hiyo inakwambia kama aliyeunganisha alikuwa serious. Ukikuta Dynamic Gold S300 ujue ni chuma kizito, gramu kama 130 hivi, kijana mwenye mgongo ataipenda, mzee wa miaka sitini itamchosha akifika shimo la sita. Alafu inua fimbo kama seremala anavyoangalia ubao, funga jicho moja, zungusha polepole. Iliyopinda utaiona inayumba. Usikubali muuzaji akwambie ataigonga inyooke.

Na sisi tuko pwani jamani. Upepo wa Raskazone unaopendeza jioni ndo huo huo unaokula chuma. Angalia pale shafti inapoingia kwenye shingo ya kichwa, kuna pete ndogo nyeusi ya plastiki, kama imepanda juu ikaacha mwanya basi maji yameingia na gundi imeanza kuachia. Kamata kichwa kwa mkono mmoja na gripu kwa mwingine, zungusha kama unakamua nguo, isicheze hata kidogo. Tikisa karibu na sikio, ukisikia chwe chwe chwe kama mchanga kwenye chupa inaweza kuwa kutu ya ndani ya shafti, hiyo achana nayo. Ukisikia kipande kimoja tu kinagonga ndani ya kichwa cha draiva ni gundi iliyokauka, kero tu, inatibika.

Draiva ina mambo yake. Za kisasa nyingi ni titaniamu, hapo sumaku HAITAKIWI kunasa, kwaiyo usichanganye na kipimo cha ayani. Peleka juani, angalia mstari unaounganisha uso na paa, nyufa huanzia hapo, nyembamba kama unywele. Kisheria kichwa kisizidi ujazo wa sentimita 460 za mchemraba. Ukikuta ile draiva ya Nike ya pembe nne, Sumo ya 2007, yenye mlio kama umegonga debe, ujue toleo la mwanzo la Sumo 5900 Nike wenyewe walilirudisha kwa sababu uso wake ulikuwa unarusha mpira kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kwa kucheza na wenzako jioni haina shida, ila kama unataka kwenda mashindano Lugalo au Gymkhana Dar pitia kwanza orodha ya vichwa vya draiva ya R&A, wale wasimamizi wa sheria za gofu, iko wazi mtandaoni.

Na kuna kipimo kimoja cha bure kabisa. Mtu akikwambia hii ni Nike toleo jipya la mwaka huu, imetoka kiwandani juzi, we ondoka. Fimbo wameacha 2016. Itakuwa ni bandia, au ni ya zamani na anakudanganya, na anayekudanganya mwaka atakudanganya na mengine.

Basi jana tukaenda wote Ngamiani na sumaku mfukoni. Ayani za tatu mpaka tisa zote zikanasa, shafti zote karatasi moja, R, mifereji ya usoni ukipitisha ukucha unakwama vizuri. Pichi weji ikakataa. Ukiitazama kwa mbali rangi ile ile, nembo ile ile, ila maandishi ya shingoni hayakuwepo na sumaku ikateleza ikaanguka kwenye turubai. Mtu kapoteza ya kwake akajazia ya bandia. Nikamwambia kijana ongea wewe, mi nimekaa tu, akamwambia jamaa kwa heshima, "Kaka hii moja sio ya familia hii, itoe, nipe bei ya saba." Jamaa akajaribu mwenyewe ile sumaku, akacheka, wakashuka kutoka laki na nusu mpaka elfu tisini.

Nyumbani tukaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mifereji tukapitisha mswaki wa zamani, tukazikausha kwa kitambaa na kuzipaka mafuta ya cherehani kidogo sana, tone moja kila kichwa, hasa shingoni. Gripu mbili zilikuwa zimekuwa ngumu kama mbao, tumezikata kwa wembe, tukazungushia tepu ya pande mbili, tukamwagia thina ndani ya gripu mpya ikateleza mpaka mwisho. Usitumie petroli, nimeshaona kibiriti kikiwashwa karibu. Zikae mpaka kesho yake ndo upige. Yeye kashindwa kusubiri, saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta keshafika uwanjani na namba 7 mkononi, nikamnyang'anya nikamwambia mwanangu anza na namba 9, hiyo gripu yake ni ya zamani, haina gundi ya kusubiri.