Kazi ikikwama kwenye timu: chunguza mpangilio kabla ya kumlaumu mtu

Kazi ikichelewa mara mbili mfululizo, viongozi wengi hukimbilia kutafuta wa kulaumiwa. Fulani mvivu, fulani hajali. Lakini mara nyingi kazi yenyewe haikuelezwa vizuri, au watu wawili walibaki wakitegeana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeifanya. Ukimkaripia mtu kwa kosa la mpangilio, kosa linabaki palepale, na imani yake kwako inapungua.

Anza na maswali manne, kwa utaratibu huu. Je, mhusika anajua hasa anachotakiwa kuleta, na lini? Je, ana vifaa, taarifa, ruhusa na muda wa kutosha? Je, anajua namna ya kuifanya? Na mwisho kabisa: je, anataka kuifanya? Matatu ya kwanza yako mikononi mwako, na mengi hurekebishika ndani ya siku chache. La nne huwezi kulijibu kabla ya hayo, kwa sababu asiyejua afanye nini na asiyetaka kufanya wanafanana ukiwatazama kwa mbali.

Kukabidhi kazi

Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Wanaweza kuifanya watu kumi, ila wa kuulizwa awe mmoja. Ukiandika kwamba "idara ya fedha na idara ya mauzo zitashughulikia", kazi hiyo haina mwenyewe.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann aliwapima watu waliokuwa wakivuta kamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua ukilinganishwa na alivyovuta peke yake. Sababu mojawapo ni ugumu wa kuvuta wote kwa wakati mmoja. Nyingine, ambayo majaribio ya baadaye yaliionyesha, ni kwamba mtu hulegea pale mchango wake usipoonekana. Jina moja mbele ya kila kazi huufanya uonekane.

Unapokabidhi, taja mambo matano: matokeo unayotaka, siku na saa ya kuyaleta, mipaka ya fedha na ya maamuzi, mtu wa kumwuliza akikwama, na siku ya kukagua ilipofikia. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kazi ya wiki 2 ikaguliwe siku ya 3 au ya 4, ingali inarekebishika. Ukiikagua siku ya 13, utakuta makosa ambayo hakuna tena muda wa kuyaondoa.

Usiulize "Umeelewa?" Swali hilo karibu kila mara hujibiwa "Ndiyo", hata na aliyepotea kabisa, kwa heshima au kwa aibu. Uliza "Utaanzia wapi?" Ukimsikia anaanzia mahali pasipofaa, dakika 5 zimekuokolea wiki nzima.

Ukishakabidhi, usiinyang'anye kazi kimyakimya. Kiongozi anayekesha akiandika upya ripoti za watu wake anawazoesha kuleta rasimu mbovu, kwa kuwa wanajua yeye ataimalizia. Onyesha mapungufu mawili au matatu makubwa, kisha mwenye kazi akarekebishe mwenyewe. Mwanzoni utaona unapoteza muda. Vumilia, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumkuza mtu.

Timu inapokuwa kubwa mno

Hesabu njia za mawasiliano: zidisha idadi ya watu kwa idadi hiyo pungufu ya moja, kisha gawa kwa 2. Watu 5 wana njia 10, watu 10 wana 45, watu 15 wana 105. Ndiyo maana timu ikikua kutoka watu 5 hadi 15 habari huanza kupotea, ingawa kila mtu anajitahidi kama awali. Kwa maoni yetu, timu ikishapita watu 8 hivi inafaa kugawanywa, kila kundi na msimamizi wake, na wasimamizi hao ndio wakutane mara kwa mara.

Hesabu hiyohiyo inakataza kumwaga watu wapya kwenye mradi uliochelewa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta uitwao OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale walioelemewa. Tarehe ikikaribia, kwanza punguza kazi: orodhesha vilivyobaki, na mkubaliane na mteja au mkubwa wako ni vipi vinaweza kusubiri. Mazungumzo hayo ni magumu, na viongozi huyaahirisha hadi yasaidie kidogo sana.

Kuhusu vikao, ajenda itumwe siku moja kabla, na kila kipengele kionyeshe kama ni cha kujadili au cha kuamua. Taarifa za kawaida zitumwe kwa maandishi. Katika dakika 5 za mwisho iandikwe nani atafanya nini na lini, kisha watu wote wapate nakala siku hiyohiyo. Wanaofanya kazi wakiwa mbali wanaihitaji zaidi nakala hiyo, kwani hawasikii yanayosemwa koridoni.

Timu inayonyamaza

Hili tunalihofia kuliko yote, kwa sababu kwa nje linafanana na utulivu. Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza timu za wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri zaidi ziliripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba kwenye timu hizo watu walikuwa huru kuyasema makosa, ilhali kwingine yalifichwa. Kwa hiyo timu isiyoleta habari mbaya kwa miezi mitatu ichunguzwe kabla ya kupongezwa.

Zipo hatua za kuufungua mdomo wa timu. Kwanza, kiongozi aseme mwisho. Ukitoa maoni yako mwanzoni, utakachosikia baada ya hapo ni mwangwi wake. Pili, kabla ya mjadala mzito toa dakika 3, kila mtu aandike maoni yake kwenye karatasi, kisha yasomwe kwa zamu, ukianza na mgeni kuliko wote kazini. Tatu, kabla ya kuanza mradi tumia mbinu ya mwanasaikolojia Gary Klein: waambie watu wajione wako miezi 6 mbele, mradi umeshaanguka vibaya, na kila mmoja aandike kilichouangusha. Mtu anayeona haya kupinga mpango wa mkubwa wake hufunguka akiulizwa hivyo.

Hata hivyo, yote hayo yanaweza kubomolewa na uso wako siku ya kwanza utakapoletewa habari mbaya. Jiwekee maneno tayari: "Asante kwa kuniambia mapema. Sasa tufanye nini?" Chanzo kichunguzwe baadaye, moto ukishazimwa. Kukosea kwa bahati mbaya na kuficha kosa ni mambo mawili tofauti, na timu ione kwamba unayachukulia tofauti.

Ugomvi baina ya wawili

Ongea na kila mmoja peke yake, ikiwezekana siku hiyohiyo. Omba matendo, usikubali sifa. "Ana dharau" halina pa kushikika. "Alibadilisha bei niliyomtajia mteja bila kuniambia" linashikika. Kisha waketi pamoja nawe. Kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake hadi mwenye hoja akiri kwamba imeelezwa sawasawa, ndipo ajibu. Mkifikia makubaliano yaandikeni, na mkutane tena baada ya wiki 2.

Chunguza pia vipimo vyao. Muuzaji anayepimwa kwa wingi wa oda na fundi anayepimwa kwa uchache wa kasoro watagombana hata wakiwa marafiki, kwa sababu mmoja akikimbia mwingine ndiye anaumia. Hapo usuluhishi hautadumu. Badilisha kipimo, wote wawili wahesabiwe kwa oda zilizofika kwa wakati bila kasoro.

Anapobaki mmoja ambaye kazi haimwendei

Mrejesho usingoje tathmini ya mwaka. Utoe ndani ya siku moja au mbili, faraghani, ukitaja tukio, tendo na athari: "Jumatatu ripoti ilifika saa nane badala ya saa nne, fedha wakashindwa kufunga hesabu. Ni nini kilitokea?" Kisha nyamaza usikilize. Huenda jibu likakurudisha kwenye moja ya yale maswali matatu ya kwanza, na kosa likawa lako.

Ikiwa maelezo ni wazi, vifaa vipo, mafunzo yametolewa na bado hakuna badiliko, andikeni malengo mawili au matatu yanayopimika, kwa kipindi cha siku 30 hadi 60, na mkutane kila wiki kuyapitia. Eleza wazi kitakachofuata yasipotimia. Mhusishe afisa rasilimali watu tangu mwanzo, maana sheria za kazi zina taratibu za kufuatwa na kuziruka kunaweza kugharimu. Usiisogeze mbele siku ya uamuzi kwa huruma. Kazi isiyofanywa na mmoja hubebwa na wenzake, na wa kwanza kuchoka na kuondoka huwa ni wale wachapakazi.

Akiondoka, iambie timu siku hiyohiyo mambo mawili tu: kwamba ameondoka, na kila kazi yake sasa iko kwa nani. Sababu zibaki kati yako na yeye.